Ukibebwa, Bebeka

Nilizaliwa Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda, mahali ambapo thamani ya maji hupimwa kwa magunia ya mpunga. Ukimtajia mkulima wa kwetu neno "wimbi" wakati mpunga umechanua, atageuka kutazama shamba, maana upepo ukipita juu ya masuke huyalaza na kuyainua kwa zamu mpaka ukingoni. Akivuka mpaka na kuingia Kenya, atalikuta neno hilohilo ndani ya kikombe cha uji, kwani huko wimbi ni nafaka ambayo sisi twaiita ulezi. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayeandika leo kuhusu mawimbi ni mtu wa bara, aliyeyafikia kwa njia ya lugha kabla ya kuyafikia kwa miguu.

Aliyenivuta ni mtoto wa mama yangu mdogo, kijana aishiye Dar es Salaam, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akisimama juu ya ubao na kuteleza mawimbini. Kila tulipozungumza kwa simu, lalamiko lake lilikuwa moja. "Kaka, watu wamezidi. Wimbi moja, watu kumi." Nilidhani anatia chumvi, mpaka aliponieleza kanuni ya mchezo wenyewe. Kwa desturi, wimbi moja ni la mtu mmoja: aliye karibu zaidi na pale linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki, na wengine hupisha. Kwa hiyo watu kumi hawagawani wimbi kama wagawanavyo sinia la pilau. Mmoja hula, tisa hungoja.

Tena si kila wimbi lafaa. Bahari lazima iwe imepokea msukumo wa dhoruba, pengine ya maelfu ya kilomita mbali. Upepo wa pwani uwe na adabu. Na sakafu ya bahari, iwe mwamba au mchanga, iwe na umbo la kulivunja wimbi polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mahali penye vyote vitatu ni pachache, ilhali wapendao mchezo wanaongezeka. Uliingizwa katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na mwaka 2024 mashindano ya Olimpiki ya Paris yalipelekwa Teahupo'o, Tahiti, kisiwa cha mbali kabisa na Ufaransa yenyewe. Utabiri wa mawimbi sasa umo ndani ya simu: siri iliyomchukua mvuvi nusu ya umri wake kuijua, mgeni huisoma akiwa bado kitandani. Wako hata waliokata tamaa na bahari. Huko Lemoore, mji wa mashamba katika jimbo la California, ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani, bingwa Kelly Slater na wenzake walijenga bwawa linalozalisha wimbi kwa mashine, wakalionesha kwa ulimwengu mwaka 2015. Nilipoisikia habari hiyo niliyawaza majaruba ya Mwamkulu, nikacheka peke yangu.

Ndipo ndugu yangu aliponiuliza swali alilokuwa akilizunguka siku nyingi. "Na huko ziwani kwenu, hakuna mawimbi?"

Yapo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini hulipuliza kwa urefu wake. Wimbi lake ni fupi na lenye haraka, mtoto wa upepo wa leoleo, halina subira ya wimbi la bahari. Lakini katika baadhi ya ghuba za pwani yetu ya Katavi linaingia kwa mpangilio ambao hata mimi niliweza kuuona. Alikuja Juni 2024. Tulishuka kutoka Mpanda, safari ya zaidi ya kilomita mia moja, ubao wake ukiwa umefungwa juu ya keria ya basi kama mgonjwa. Alipoliona ziwa alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, hakuna mtu hata mmoja!"

Ni kweli, hapakuwa na mtu. Tangu Mei 15 mpaka Agosti 15 ya mwaka huo, uvuvi katika ziwa hilo ulikuwa umesimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani. Usiku, pale ambapo taa za wavuvi wa dagaa hufanya ziwa lionekane kama mji, palikuwa na giza tupu. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando ya mtumbwi wake alimtazama ndugu yangu akishangilia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mgeni wako anaufurahia utupu huu. Sisi unatulaza na njaa." Hakukasirika, wala hakuipinga amri, alisema mwenyewe kwamba dagaa walikuwa wamepungua. Alitaka tu nijue kwamba ziwa halikuwa tupu kwa sababu halina wenyewe.

Neno lake limenifunza kuangalia upya sehemu nyingine. Paje, upande wa mashariki wa Unguja, ni mashuhuri kwa wanaoteleza majini wakivutwa na tiara. Katika picha, maji yale yaliyozingirwa na mwamba ni uwanja mweupe usio na mtu. Lakini tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kimekuwa kikiendeshwa huko, na maji yakipwa, wanawake hushuka na kamba zao kwenda kwenye vigingi. Shamba lao liko palepale, chini ya uwanja wa mwingine. Hata kwetu, watalii waliomo Hifadhi ya Katavi hupiga picha za mamia ya viboko wamebanana katika vidimbwi vya mto Katuma. Sisi wakulima tunajua kwamba kiangazi kina mkono wake katika msongamano ule, na mashamba ya juu ya mto yana wao.

Sasa niingie katika lugha, maana ndiyo iliyotukutanisha hapa. Wahawaii, ambao kwao mchezo huu ulistawi tangu kale, huuita he'e nalu: he'e ni kuteleza, nalu ni wimbi. Nalu hilohilo lina maana ya pili, nayo ni kutafakari. Kwa Kiswahili wengi wetu tumechukua njia hiyo ya kwanza, tukasema "kuteleza juu ya mawimbi". Si vibaya. Ila kuteleza kwetu kuna kivuli cha kosa: ulimi huteleza, mguu huteleza, na wahenga wakatufariji kwamba kuteleza si kuanguka. Tena katika "nateleza" mtendaji ni mimi. Wimbi limekuwa barabara tu.

Katika ghuba ile niliwakuta watoto wakifanya mchezo huohuo kwa vipande vya mbao za mitumbwi iliyochakaa. Hawakusema wanateleza. Walisema, "Twende tukabebwe." Niliwauliza nani anabeba, wakaniangalia kama mtu aliyeuliza nani ananyesha mvua. Wimbi, bila shaka. Mashabiki wa mpira wamelichafua neno hili, maana timu "inayobebwa" ni ile inayopendelewa na mwamuzi. Lakini asili yake ni mgongo wa mama. Na usemi wetu unasema: ukibebwa, bebeka. Tazameni kauli hizo mbili zilivyokaa pamoja. Kubebwa ni jambo unalotendewa. Kubebeka ni sifa unayopaswa kuwa nayo, wepesi wa kutomlemea anayekubeba. Ndugu yangu, aliyekuwa ameanguka mara nne asubuhi ile, alisikiliza maelezo yangu ya sarufi kwa uvumilivu, kisha akasema kwamba mwalimu wake wa kwanza pale Dar alimfundisha jambo hilohilo bila sarufi.

Tofauti ya vitenzi hivi ndiyo tofauti ya wageni wawili wanaofika kwenye wimbi lisilo na watu. Anayeteleza huuliza: je, pako wazi? Anayebebwa hana budi kuuliza: ni mgongo wa nani?

Usiku wa mwisho ndugu yangu aliomba ruhusa ya kuweka picha za ghuba ile mtandaoni, pamoja na jina lake. Nilimpeleka kwa mzee wa mtumbwi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Mwanangu, njoo na wenzako, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini waje wakituuliza sisi, wasije wakiiuliza simu." Picha ziliwekwa, jina halikuwekwa.

Kwa mshairi hilo si jambo dogo, kwa kuwa kazi yetu ni kutaja. Nimelifikiria kwa muda mrefu, na nimeona kwamba wimbi hupungua kwa kila anayeongezeka juu yake, ilhali neno hukua kwa wingi wa wasemaji. Kwa hiyo nawaletea kitenzi cha watoto wale, mkitumie mtakavyo, mkitie katika tungo zenu mpaka kienee. Ghuba nimewaachia wenyewe.