Kuzaliwa ni Mara Moja

Kuna swali la programu ambalo limenikaa kichwani kuliko mtihani wowote niliofanya kabla ya kuacha chuo: rekodi ikitolewa kwenye databesi, ile obijekti unayopewa imezaliwa ama imerudi tu?

Chukua SQLAlchemy, maktaba ya Python inayounganisha majedwali ya databesi na msimbo wako. Tuseme una klasi ya Mwanafunzi. Ukiunda mwanafunzi mpya, `__init__` inaitwa. Hapo unakagua jina, unampa namba, unamkaribisha. Ukimhifadhi, anakuwa mstari mmoja kwenye jedwali.

Kesho ukimwita tena, `__init__` haiguswi. SQLAlchemy inaunda obijekti tupu kwa `__new__`, halafu inaijaza kutoka kwa ule mstari. Doctrine ya PHP pia huiruka konstrakta. Django ina njia yake: kila rekodi inayosomwa hupitia `__init__` upya, kana kwamba ndiyo kwanza inafika.

Haya nilikuwa nikiyaandikia mteja mwongozo, kibarua cha kulipa nyumba. Sehemu iliyonishika ni hii: chochote ulichoweka ndani ya `__init__` bila kukipa safu kwenye jedwali, SQLAlchemy hairudi nacho. Ukikiitisha, programu inakuambia hakuna kitu kama hicho. Dawa ipo. Unaandika funksheni, unaiwekea alama ya `reconstructor`, nayo inaitwa kila obijekti inapopakiwa, irudishe yale ambayo jedwali halikubeba.

Sasa mamangu. Anajua vizuri niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokwama. Lakini mgeni akiingia, bado anasema, "Huyu ndiye wangu wa kompyuta, yule wa chuo." Zamani nilidhani ananionea aibu. Siku hizi naona ananipakia kutoka kwa mstari alioandika siku barua ya kuitwa chuo ilipofika. Mstari wenyewe si uongo. Ni safu ndizo chache. Hakuna ya makala, hakuna ya usiku ninaokesha, hakuna ya hii kodi ninayojilipia.

Na safu haijiongezi yenyewe, hata ukinuna vipi.

Juzi jirani alipokuja, mama akaanza vilevile. Nikamwambia, "Mama, ongeza kwamba naandika."

Akanitazama kidogo. Kisha akamgeukia jirani: "Na anaandika. Hiyo ndiyo inamlisha."