Jiko la Mama Brazier Mjini Lyon

Katika mji wa Lyon, nchini Ufaransa, mito miwili hukutana: Rhône na Saône. Karibu na ukingo wa Rhône, barabara ya rue Royale, nyumba nambari 12, liko jiko ambalo historia yake yafaa kusomwa na kila mtu apikaye nyumbani.

Jiko hilo lilifunguliwa mwaka wa 1921 na Eugénie Brazier, aliyezaliwa shambani mwaka wa 1895. Mama yake alifariki angali mtoto, naye akawa mtumishi wa mashamba. Alipopata mimba bila ya ndoa, baba yake alimfukuza. Akaenda Lyon, akaajiriwa na familia tajiri, kwanza kulea watoto, kisha kupika. Baadaye akaingia katika jiko la Mama Fillioux, mpishi mashuhuri ambaye vyakula vyake vilikuwa vichache na vile vile kila siku.

Huko ndiko aliko tofauti. Mpishi wa nyumbani akikosea, jamaa humsamehe. Mgeni aliyelipa hasamehi. Kuku wa leo sharti afanane na wa jana. Kuku huyo huitwa "nusu matanga", kwa kuwa vipande vyembamba vya uyoga mweusi huingizwa chini ya ngozi yake nyeupe, kisha huchemshwa polepole katika supu.

Mwaka wa 1933 mikahawa miwili ya Mama Brazier, mmoja mjini na mwingine mlimani, ilipewa na kitabu cha Michelin nyota tatu kila mmoja, daraja la juu kabisa. Paul Bocuse, aliyepata kuwa mpishi maarufu duniani, alipojifunza kazi kwake mlimani mwaka wa 1946, alikamua ng'ombe pia na kupiga nguo pasi.

Mama Brazier alifariki mwaka wa 1977, lakini jiko halikuzimika. Mwaka wa 2008 mwandishi Mmarekani, Bill Buford, aliyekwisha kupita miaka 50, alihamia Lyon pamoja na mkewe na watoto wao mapacha. Walikusudia kukaa miezi sita; wakakaa miaka mitano. Katika jiko lilo hilo alianza chini, akiamriwa na vijana ambao angaliweza kuwazaa.

Aliyezoea kusifiwa mezani kwake hana budi kwanza akubali kukosolewa jikoni kwa wengine.