Kipimamwanga cha Babu

Macho hayana pazia, walinena wahenga. Jicho la kamera, hata hivyo, linalo, na hapo ndipo ulipo ugumu wote wa kazi ya kupiga picha: kujua pazia hilo lifunguliwe kwa muda gani, na tundu la lenzi liwe na upana gani, ili mwanga uingie wa kutosha, usipungue wala usizidi. Katika kamera nyingi za kale kazi ya kukadiria ilikabidhiwa sindano ndogo. Sindano hiyo ikisema uongo, mpigapicha hana habari mpaka filamu isafishwe.

Masaibu hayo yalimfika mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, wa mwaka wa tatu, aliyekwenda likizoni kwa nyanya yake huko Skuta, viungani mwa mji wa Nyeri. Ulikuwa mwezi wa Julai, majira ambayo ukungu hushuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya huweza kujificha siku tatu mfululizo. Kijana huyu ana jina la babu yake, kwa desturi ya Wakikuyu ya kumpa mwana wa kwanza wa kiume jina la baba ya babake. Kwa sababu hiyo nyanya humwita "mume wangu", tena bila kutabasamu. Babu mwenyewe alikuwa mpigapicha mjini Nyeri. Alipofariki aliacha sanduku la mbao, na ndani yake kamera ya Yashica Mat-124G, aina iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1970 hadi 1986: sanduku jeusi lenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambalo mpigapicha hulishika kifuani na kulichungulia kwa kuinamisha kichwa kama mtu anayeomba.

Nyanya alikuwa na haja moja. "Mume wangu," alisema, "nipige picha kwa ile ya babu yako. Nataka ile mtakayoiweka mbele siku mtakaponizika." Wajukuu walikuwa wamempiga picha nyingi kwa simu, lakini hakuzipenda hata moja. Simu ilikuwa imemlainisha mashavu na kumfuta kovu la kipaji cha uso, akawa mtu mwingine. Picha ya kwanza maishani mwake, ambayo bado aliikumbuka, alipigwa na mumewe kwa ajili ya kitambulisho, baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978 na wanawake wa Kenya nao wakaanza kuandikishwa.

Filamu ya kamera hiyo hutoa picha kumi na mbili tu. Kijana alinunua mbili jijini Nairobi, za rangi nyeusi na nyeupe, zenye wepesi wa 400, kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya vitabu. Akaagiza pia betri ya alkali yenye umbo sawa na ile ya zamani. Aliposafisha kutu ya kijani kwenye kikombe cha betri kwa pamba iliyolowa siki, kisha kwa spiriti, na kufunua kifuniko cha juu (kitendo ambacho katika kamera hii ndicho kinachowasha kipimo), sindano iliruka kwa uhai. Furaha ilimpofusha. Alimketisha nyanya kwenye kigoda uani, akiupa mgongo upande wa mlima, akafuata agizo la sindano hatua kwa hatua, akamaliza filamu nzima.

Negativu ziliporudi kutoka Nairobi zilikuwa karibu nyeupe kama kioo cha dirisha. Mahali pa uso wa nyanya palikuwa na kivuli tu. Nyanya aliziinua kwenye mwanga, akazirudisha mezani, akasema pengine babu hataki. Neno hilo lilimchoma kijana kuliko hasara ya fedha.

Lakini ukanda wa filamu hutoa ushahidi kwa anayejua kuusoma. Kandokando yake mna namba na maandishi yanayochapwa kwa mwanga kiwandani, kabla filamu haijauzwa. Hayo yalikuwa meusi na dhahiri. Maana yake ni kwamba aliyeisafisha filamu hakukosea. Lau dawa ingalikuwa mbovu, namba nazo zingalififia. Kosa lilitokea Skuta. Mwanga ulioingia ulikuwa haba.

Kijana alianza na jambo rahisi, duara la wepesi wa filamu. Lilikuwa penye 400, sawasawa. Alisubiri siku ambayo jua lilitoka, akatumia kanuni ya wapigapicha wa kale, isiyohitaji betri: penye jua kali, tundu huwa 16, na kasi ya pazia huwa sawa na wepesi wa filamu, kwa filamu ya 400, basi, ni takriban sehemu ya 500 ya sekunde. Alielekeza kamera barabarani, chini, bila kujumuisha anga. Kwa kasi hiyo sindano ilidai tundu la 22. Kila hatua moja ya tundu hupunguza mwanga kwa nusu, hivyo kipimo kilikuwa kikiona mwanga maradufu ya uliokuwapo.

Fundi wa redio mjini aliipima betri, akapata volti 1.55. Hapo fumbo likaanza kufumbuka. Kipimo cha Yashica hiyo kilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo sifa yake kuu ilikuwa kushikilia kiwango kilekile mpaka inapokaribia kufa. Betri ya alkali huanza juu zaidi na kushuka polepole kila siku. Umeme ukizidi, sindano husukumwa mbele, nayo humwambia mpigapicha kwamba jua ni kali, afunge tundu. Betri za zebaki hazitengenezwi tena, na kwa haki. Zebaki ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Na uamuzi wa kuanza kujadili mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti ulifikiwa Nairobi, mwaka 2009, kabla ya mkataba wenyewe kutiwa saini mwaka 2013. Mwenye kamera ya kale hana budi kutafuta mbadala.

Mbadala ulikuwa sikioni mwa nyanya. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zile za namba 675, hutumia zinki na hewa. Hutoa volti 1.4 hivi na hazishuki upesi. Kijana aliomba moja, akaibandua karatasi yake ya buluu, akaiacha dakika chache ivute hewa. Kwa kuwa ni nyembamba kuliko ya asili, aliizungushia pete ya waya wa shaba ili ikae katikati ya kikombe. Jua lilipotoka tena, sindano ilisimama penye 16.

Mtu mwenye pupa angalikimbilia filamu ya pili. Huyu alijizuia, kwa sababu hatua moja tu ya tundu haikutosha kueleza weupe ule wa negativu. Alirudi uani, akaketi kigodani alipoketi nyanya, akaitazama kamera kama yeye alivyoitazama. Jicho la kipimo liko usoni pa kamera, juu ya lenzi, nalo huona upana mkubwa wa yaliyo mbele yake. Siku ile mbele yake kulikuwa na bibi kizee mmoja na anga kubwa jeupe la Julai. Kipimo kilipima anga. Halafu kuna tabia nyingine: hakijui kinachotazamwa ni nini, hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye kitambaa cheupe hukitia kijivu. Kikielekezwa kwenye ngozi nyeusi hutaka kuifanya iwe nyeupe kuliko ilivyo. Babu alilazimika kulijua hilo miaka yote bila kulipa jina. Kijana, kwa upande wake, aliliita hilo jicho "kipimamwanga", kwa mfano wa kipimajoto, akaliandika katika daftari lake la istilahi.

Siku mbili kabla ya chuo kufunguliwa, alimketisha nyanya barazani, ukuta wa mbao ukiwa nyuma yake badala ya anga. Aliifunika kamera kwa dakika kadhaa kwanza, kwa kuwa chembe inayopima mwanga katika kamera za aina hii hukumbuka mwangaza mkali ilioutazama, na kwa muda hutoa kipimo cha uongo. Kisha alisogea hadi karibu na shavu la nyanya, akihakikisha kwamba kitambaa cheupe cha kichwani hakiingii katika kipimo. Kwa kasi ya sehemu ya 125, sindano ilisema 5.6. Akafikiri, akaweka kati ya 5.6 na 8: ngozi ibaki nyeusi, na ikiwa amekosea, akosee upande wa mwanga kuzidi, ambao negativu huusamehe.

"Umemaliza?" nyanya aliuliza kwa sauti kubwa baada ya ya tisa, kwani sikio moja lilikuwa limezimwa.

"Bado tatu, Cucu."

"Basi hizo piga mlima."

Mlima haukuonekana. Alizipiga zote tatu vivyo hivyo, ukungu mtupu nyuma ya miti, akafunika kamera na kumrudishia betri yake. Picha ya saba ndiyo iliyochapishwa. Kovu la kipaji limo, na mikunjo yote imo. Nyanya aliitazama muda mrefu, akauliza ni nani aliyemfunga kitambaa upande, kisha akaifungia kabatini pamoja na hati ya shamba.