Breki

Watu wengi husifu mwendo. Wachache husifu kituo. Mwenye gari liendalo kasi hutazamwa kwa macho ya kutamani, lakini sijapata kumsikia mtu akimsifu mwenziwe kwa kuwa anaweza kusimama. Hata hivyo, msomaji, kwenda bila uwezo wa kusimama si mwendo bali ni kuanguka. Jambo hili nilifunzwa na gari dogo nililoliunda mjini Migori, na ada ya somo hilo nusura niilipe kwa uhai usio wangu.

Tamaa ya kujiundia gari si ngeni duniani. Uingereza, tangu mwaka 1957, gari la Lotus Seven liliuzwa vipande vipande ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe. Mimi sikuwa na vipande vilivyopimwa na mtaalamu. Nilikuwa na injini ya pikipiki, vyuma vya kuungia fremu, na fundi mmoja mzee niliyemwita mjomba kwa heshima ya umri wake. Gari letu lilikuwa fupi na la chini, lenye magurudumu ya inchi 10, kwa maana nilipenda lionekane kama linanusa barabara.

Ugumu ulianza tulipofika kwenye breki. Breki zilizo maarufu ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya dramu: chuma chenye umbo la sufuria huzunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake vipande viwili hutanuka na kukisugua. Ya pili ni ya diski: bamba la chuma huzunguka wazi katika upepo, na kalipa hulibana pande mbili kama koleo. Dramu huficha joto lake ndani. Diski hulitoa nje. Lakini kalipa hutaka nafasi, na gurudumu la inchi 10 ni chumba chembamba. Gari la Mini lilipotoka mwaka 1959 lilikuwa na magurudumu ya kadiri hiyo na dramu pande zote nne. Mwaka 1961 Mini Cooper ikatiwa diski za inchi 7 mbele. Diski hizo zilifaa gari lile. Mimi sikupata mfano wake.

Mjomba alinitajia njia tatu. “Mwanangu,” alisema, “ukitaka rahisi, tutie dramu za tuktuk. Ukitaka nyepesi, diski za pikipiki. Ukitaka kulala usingizi, tafuta magurudumu ya inchi 13 ya gari kuukuu pamoja na diski zake. Hizo mbili za kwanza zilipimwa kwa mzigo mwingine.”

“Lakini mjomba,” nilijibu, “magurudumu makubwa yataliharibu umbo.”

Mzee alinyamaza. Nami nikachagua dramu.

Kosa halipendi upweke. Nilinunua mafuta ya breki katika chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo. Kisha nikalitoa gari barabarani kabla halijakaguliwa, na nikampakia mpwa wangu wa miaka 12. Tuliipita miwa ya Awendo, tukaipita Rongo, tukafika Rodi Kopany, na kutoka hapo tukaanza kuteremkia Homa Bay, kwenye ziwa.

Hebu tufanye hesabu, msomaji. Gari na watu wake likiwa na uzito wa kilo 500, na likishuka kimo cha mita 100 kwa kuzuiwa na breki, joto linalozaliwa laweza kuchemsha karibu lita moja na nusu za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Joto hilo liliingia katika dramu nne ndogo zisizopata upepo. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne.

Pascal, mwanachuoni wa Ufaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba msukumo katika kimiminiko kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Ndiyo siri ya pedali: mguu mmoja husukuma magurudumu manne. Lakini mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205; yakiisha kunyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu hubana mvuke, magurudumu yasipate habari.

Pedali ilizama hadi sakafuni. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akivuka na beseni la samaki kichwani. Niliingiza gia ya chini, nikavuta breki ya mkono, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Lilisimama hatua chache tu kutoka kwake. Mpwa wangu alipasuka mdomo. Yule mama alitua beseni lake, akamfuta mtoto damu kwa leso yake, asiseme neno. Ukimya wake uliniuma kuliko tusi.

Mjomba hakunikumbusha maneno yake. Alichukua futi, akasema, “Leta magurudumu.” Tuliweka diski mbele, kwa sababu gari likizuiwa uzito hukimbilia mbele, dramu tukaziacha nyuma. Tulitia silinda kuu yenye njia mbili, ili moja ikishindwa nyingine ibaki. Madigadi zilikatwa, gari likainuka, na ule uzuri niliougombania ukaondoka. Safari hii nilingoja likaguliwe.

Msomaji kijana, huenda usiunde gari maishani mwako. Lakini utaunda mambo mengi, na mara nyingi nafasi itakuwa ndogo na fedha chache. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitaka cha mvunguni nikakataa kuinama. Nafasi ikikubana, punguza pambo, usipunguze kinga. Na mzee akinyamaza baada ya kukushauri, usidhani umemshinda kwa hoja.