Mazoea ya Mkono

Kijana aliyekulia Nungwi, kaskazini ya Unguja, hujifunza kuendesha ngalawa kabla hajatambua kwamba anajifunza. Upepo ukizidi, mwili wake wenyewe hupanda juu ya mrengu wa upande wa joshi ili chombo kisilale; upepo ukipungua, mwili huohuo hurejea ndani bila ya kuambiwa. Mkono wake husukuma kana kushoto ili omo igeukie kulia, wala haoni ajabu kwamba mkono unakwenda huku na chombo kinakwenda kule. Ukimuuliza afanya vipi, atakuonesha, kukueleza hawezi.

Mtu mmoja wa namna hiyo anaishi Calgary, katika jimbo la Alberta huko Kanada, kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Bahari iko mbali naye. Kila majira ya baridi yanapoingia, yeye hufunga trela nyuma ya gari, akaivuka Milima ya Rocky, akaenda kiasi cha kilomita 400 hadi Revelstoke, mji mdogo wa jimbo la British Columbia uliozungukwa na milima ya Selkirk na Monashee. Theluji ya huko hupimwa kwa mita. Anachokwenda kukiendesha ni pikipiki ya theluji: chombo kisicho na gurudumu, chenye skii mbili mbele za kuelekeza njia, na nyuma mkanda mpana wa mpira wenye meno, ambao injini huuzungusha ili uishike theluji na kukisukuma chombo mbele. Jamaa zake wa Nungwi walipoona picha kwa mara ya kwanza, waliuliza kama kitu kile kinaelea. Aliwajibu kwamba ndiyo, kinaelea, maadamu hukisimamishi.

Asili ya vyombo hivi si mchezo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934, fundi mmoja wa kijiji cha Valcourt, jimbo la Quebec, Joseph-Armand Bombardier, alimpoteza mwanawe mdogo kwa maradhi ya tumbo, kwa kuwa njia zilikuwa zimefukiwa na theluji na hakukuwa na chombo cha kumfikisha mtoto hospitali. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, alikuwa akiuza magari ya mikanda yenye uwezo wa kupita juu ya theluji, na mwaka 1959 akatoa chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili kilichoitwa Ski-Doo. Upande wa Marekani, katika mji wa Roseau, jimbo la Minnesota, Edgar Hetteen na wenzake walianzisha Polaris. Kisha mwaka 1960 Hetteen akajitoa, akaenda Thief River Falls, mji mwingine wa jimbo hilohilo, akaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Arctic Cat. Kwa hivyo majina matatu makubwa ya milimani leo yametokana na fundi mmoja aliyefiwa na mshirika mmoja aliyehama.

Pikipiki ya mlimani si sawa na ile ya njia iliyoshindiliwa. Mkanda wake ni mrefu, aghalabu baina ya inchi 146 na 165, na meno yake hufika inchi 2.5 hadi 3, ili chombo kisizame katika theluji laini. Skii zake zimesogezwa karibu karibu, inchi 36 hivi kutoka moja hadi ya pili, kwani kazi yake kubwa si kusimama wima bali kulala. Atakaye kukata ubavu wa mlima hawezi kukaa juu ya kiti na kugeuza usukani kama wa gari. Husimama, akautia mguu mmoja katika kikanyagio cha upande wa juu, akakivuta chombo kimlalie, kisha akageuza skii zielekee chini ya mteremko, kinyume na kule anakovutia. Kwa kuvuta huku na kugeuza kule, chombo hushika mstari mmoja uliosawazika ubavuni, mithili ya mashua inayobisha upepo. Mtu wa Nungwi hakupata taabu ya kuelewa jambo hilo. Mkono uendao kinyume na chombo alikuwa akiujua tangu utotoni.

Taabu ilikuja pale alipobadilisha chombo.

Kwa majira tisa ya baridi alikuwa akiendesha Ski-Doo Summit. Watu hubadilisha kwa sababu nyingi: injini huchoka, duka la karibu hufungwa, au kampuni yenyewe huondoka sokoni. Yamaha, iliyoingia katika biashara hii mwaka 1968, ilitangaza mwaka 2023 kwamba itaiacha. Na mwisho wa mwaka 2024 ilitangazwa kwamba uzalishaji wa Arctic Cat utasimamishwa, kabla ya kampuni hiyo kupata wamiliki wapya mwaka 2025. Kwake yeye sababu ilikuwa ndogo. Injini ilikuwa imechakaa, na mtu wa mtaa wa pili alikuwa akiuza Arctic Cat ya mkono wa pili, nzima, kwa bei isiyoumiza.

Msomaji anaweza kudhani kwamba pikipiki ni pikipiki. Zote tatu zina kitufe cha mafuta chini ya kidole gumba cha kulia na breki katika mkono wa kushoto, na ukizitazama kutoka mbali hutazitofautisha isipokuwa kwa rangi. Tofauti iko katika namna zinavyoitikia mwili. Ski-Doo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilimsogeza mpandaji mbele karibu na usukani, jambo ambalo kampuni nyingine baadaye zililifuata. Na tangu matoleo ya mwaka 2013, Summit imekuwa na maungio ya nyuma yanayouruhusu mkanda uiname kidogo kabla chombo chote hakijalala. Mpandaji wake huzoea kuvuta kwa nguvu za wastani, akangoja, akasikia chombo kikikubali. Polaris, tangu ilipotoa PRO-RMK ya mwaka 2011, imejenga sifa yake juu ya wepesi na wembamba wa kiwiliwili; wanaoipenda husema kwamba huanza kulala mapema na hukaa palepale ulipoiweka. Arctic Cat nayo, katika matoleo ya mwaka 2019, ilileta Alpha One, ambayo mkanda wake haukai juu ya reli mbili kama ilivyo ada, bali juu ya reli moja katikati. Chombo cha reli mbili kina kingo mbili za kukizuia kisilale upesi. Cha reli moja hakina. Katika theluji laini hugeuka kwa mvuto mdogo mno, na juu ya theluji ngumu humfanya mgeni ajihisi amesimama juu ya ubao mwembamba.

Hakuna katika hayo lililo aibu wala lililo sifa peke yake. Aliyezoea chombo kizito kulala, akipanda chepesi, huvuta mno. Aliyezoea chepesi, akipanda kizito, huvuta kidogo, kisha hushangaa kuona mstari wake unateremka kuelekea kwenye miti. Kila mmoja hulaumu chombo, na aghalabu kila mmoja amekosea.

Asubuhi ya kwanza na chombo kipya, alifanya lile ambalo mtu mzima hapaswi kulifanya: aliwafuata wenzake moja kwa moja ubavuni, kama kwamba miaka tisa ilikuwa mali yake na angeweza kuihamisha kutoka chombo hadi chombo. Mteremko haukuwa mkali sana. Theluji ilikuwa mpya, ya kufika kiunoni, juu ya kichaka cha misonobari. Mwenzake mmoja alikuwa ametangulia, akasimama chini kidogo, karibu na miti, kumngojea.

Mkono wa kushoto ukavuta kama ulivyozoea kuvuta. Chombo hakikungoja. Kililala chote kwa mara moja, skii moja ikaelekea mbinguni, mkanda ukapoteza mshiko, na uzito wa zaidi ya kilo 200 ukamwangukia mguuni kutoka upande wa chini. Theluji ilikuwa laini, na hilo ndilo lililouokoa mguu. Alipojivuta nje, chombo kilijifungua kutoka pale kilipokuwa kimejizika, kikabiringika mara mbili, kikapita, kikagonga mti. Baina ya mti ule na mwenzake palikuwa na hatua nne.

Hapakuwa na maneno mengi. Mwenzake aliutazama mti, akakitazama chombo, kisha akasema kwamba na yeye alikosea kusimama pale. Kila apandaye mlimani hufundishwa tangu siku ya mwanzo asisimame chini ya mtu aliye ubavuni. Walikinyanyua pamoja. Skii moja ilikuwa imepinda. Waliteremka polepole, na njia nzima hakuna aliyetaja bei ya skii.

Usiku ule alipiga simu Nungwi, ambako kulikuwa kumeshakucha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako ina kitu leo."

Akamweleza. Mzee hajapata kuona theluji, lakini hakuuliza theluji ni nini. Aliuliza mambo matatu: chombo kipya ni chembamba kuliko cha kwanza? Kinalala upesi? Na wewe ulikaa kama ulivyokuwa ukikaa katika kile cha kwanza? Alipojibiwa ndiyo mara tatu, alinyamaza kidogo.

"Unaikumbuka siku niliyokupa ngalawa ya ami yako?"

"Naikumbuka, baba. Niliipindua kabla hatujafika nje."

"Uliipindua kwa kuwa yetu ilikuwa nzito, ukazoea kuning'inia juu ya mrengu kama popo. Ya ami yako haikutaka popo. Nilikucheka siku ile?"

"Ulinicheka sana."

"Leo sikucheki. Pale palikuwa na maji ya kiunoni, na chini yako hapakuwa na mtu."

Wapenzi wa ushairi watalitambua jambo hili bila ya kupanda mlima. Malenga aliyetunga mashairi ya mizani 16 kwa miaka mingi, siku anapoingia katika utenzi wenye mshororo wa mizani 8, ulimi wake huendelea kutafuta nusu ya pili. Hukikimbilia kina cha kati ambacho hakipo. Si kwamba hajui kutunga. Anajua, na kujua kwenyewe ndiko kunakomsukuma nje ya bahari mpya. Ila malenga hufuta karatasi akaanza tena. Mlimani hakuna kufuta.

Baada ya skii kutengenezwa, hakurudi ubavuni. Kwa wiki kadhaa alikwenda katika uwanda mpana usio na miti, peke yake na mtu wa kumwangalia aliyesimama mbali, akazunguka duara la kushoto, kisha duara la kulia, kama mtoto wa chuoni anayerudia herufi zilezile. Alianza kwa kuvuta kwa vidole viwili tu, ili ajue chombo kinalala kwa uzito gani. Alijifunza kwamba cha zamani kilitaka mikono, na hiki kilitaka magoti na nyonga. Akisogeza nyonga kwa upana wa kiganja, chombo hufuata. Alirekebisha urefu wa usukani. Kisha, siku nyingine, alikaza ukanda unaozuia maungio ya mbele ya mkanda yasitanuke mno, ili uzito zaidi urudi kwenye skii. Siku ya tatu aligusa springi za shokomzoba. Kila siku alibadilisha kitu kimoja tu, kwani abadilishaye vitatu kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilichomfaa na kipi kilichomdhuru.

Lililomchelewesha zaidi halikuwa kujifunza jipya. Kipya alikielewa katika siku mbili. Kilichohitaji wiki ni kuufanya mwili usikimbilie la zamani pale anaposhtuka, kwa sababu mlimani mtu hushtuka kila dakika: mti hutokea, theluji hubadilika kutoka laini kuwa ganda la upepo, mwenzake hupiga kelele. Katika uwanda uliotulia hata mgeni ni hodari. Kwa hivyo alimwomba yule mwangalizi apige filimbi wakati wowote apendao, na kila filimbi ilipolia, alitakiwa ageuze upande wa pili papo hapo. Mwanzoni kila filimbi ilimrudisha katika Summit. Kufikia mwisho wa Februari, filimbi tatu kati ya nne zilimkuta katika chombo alichokuwa amepanda.

Mwezi wa Machi walirudi kwenye mteremko uleule. Mwenzake safari hii alisimama kando, juu, nyuma ya mwamba. Theluji ilikuwa imeshakaa, na kabla ya kupanda walikuwa wamesoma tahadhari za maporomoko za siku ile na kukagua vifaa vyao vya kutafutana chini ya theluji, mmoja baada ya mmoja. Alisimama juu ya kikanyagio, akaongeza mafuta, akaingia ubavuni. Mkono wa kushoto ulitaka kuvuta. Akauacha utake. Akasogeza nyonga, chombo kikalala pale alipokiomba, na mstari wake ukapita juu ya ule mti ambao gome lake bado lilikuwa na jeraha jeupe, ukaenda hadi upande wa pili bila ya kupanda wala kushuka.

Mwenzake alimfuata kwa Polaris yake, akafika, akavua kofia ya chuma. Aliutazama mstari kwa muda, kisha akauliza kama anaweza kukijaribu chombo kile kurudi.

"Hapa sikupi," akamjibu. "Tukishuka uwandani, nitakupa siku nzima."