Mwanaume na Sindano, Kwani Kuna Soo?

Mpenzi msomaji, wapo wanaojua kucheza pool, wapo wanaojua kusakata dansi mpaka asubuhi. Mimi hobi yangu ni kufuma kwa kroshia. Vitambaa vya makochi, kofia, sweta za watoto, we taja tu. Na mimi ni mwanaume, tena wa Musoma! Najua umeshaanza kucheka.

Cheka tu, nimezoea. Mara yetu unaijua: mwanaume ni wa ng'ombe, panga na mtumbwi. Kijiweni washkaji wananiita "Mama Mkwe".

Lakini hebu twende mwaloni Mwigobero asubuhi. Utakuta wavuvi, mijibaba yenye vifua vyao, wamekaa kivulini, sindano mkononi, wanaziba matundu ya nyavu. Kitanzi, fundo, vuta. Kitanzi, fundo, vuta. Nilimwuliza mzee mmoja kazi yangu na yake zinapishana wapi. Akanitazama juu ya miwani, akasema: "Mwanangu, wavu wenye tundu haulishi mtu. Wewe fuma vizuri, basi." Yeye hakuna anayemwita Mama Mkwe!

Hobi yangu ya pili ni kwenda Butiama. Jumapili moja moja napanda gari mpaka Makutano, halafu nakata kuelekea Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere tarehe 23 Oktoba, 1999, jirani na wazazi wake. Wengine wanakwenda kupiga picha na kutazama makumbusho. Wengine wanakwenda kusali, maana Kanisa Katoliki limeshamwita Mtumishi wa Mungu. Mimi nakaa kimya tu, uzi wangu ukiwa mfukoni.

Utaniuliza, kaburi na kroshia wapi na wapi? Mbona Wajapani hawashangai! Kwao mtu mwenye mgonjwa au mwenye ombi zito hukunja korongo wa karatasi, mmoja mmoja, mpaka wafike 1,000. Huwatunga kwenye uzi, akawapeleka hospitali kwa mgonjwa au akawatundika hekaluni. Ni sala ya vidole hiyo.

Na Mwalimu mwenyewe je? Mwaka 1969, akiwa Rais, na kazi zote zile, alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akashika jembe na kalamu. Mwaka 1996 zikatoka Injili alizozigeuza kuwa tenzi. Aliyewahi kutunga utenzi anajua shughuli yake: unahesabu mizani ubeti baada ya ubeti, na ukikosea moja unafumua. Sasa hiyo si kroshia ya maneno? Hakuna aliyemlazimisha. Aliipenda, akatulia, akamaliza.

Haya yote nayasema kwa sababu nina kesi Bunda, kwa kina mchumba wangu. Kaka yake alinikuta barazani nikiwa na donge la uzi, akasema bila kupepesa macho: "Shemeji, sisi hatumtoi dada yetu kwa mtu wa vitambaa." Mazungumzo ya mahari yakasimama hapo hapo. Binti analia, mimi nabembeleza, mshenga anakwepa.

Wapo walioniambia niache kufuma mpaka ndoa ipite, halafu nirudie kimya kimya. Hapana. Nikianza ndoa kwa kujificha, nitajificha mangapi? Tangu nimalize kidato cha nne vitambaa hivi vimenilipia chumba, na vimeniweka mbali na gongo. Mwanaume gani huyo anayeionea aibu kazi ya mikono yake?

Kwa hiyo shemeji wangu, kama gazeti hili limefika Bunda, Jumapili ijayo nakualika Butiama. Nauli juu yangu. Ukirudi ukasema bado hutaki, nitatuma mshenga tena. Anayefuma hana haraka, bwana.

Wasalaam, tukutane wiki ijayo!