Daraja la Tatu

Kwetu Njombe bahari ni picha ya kalenda. Kwa hiyo wakala mmoja alipotuletea habari za safari ya Zanzibar kwa bei moja, nauli, chakula na malazi humo humo, Mama alifungua pindo la kanga. Hizo zilikuwa fedha za viazi, misimu mitatu.

Wakala akaanza kuchonga: "Mama, ongeza kidogo tu. Kwenye treni utalala daraja la kwanza, hotelini utapata chumba kinachotazama bahari. Bomba kabisa!"

Nikachukua kalamu. Chumba cha bahari nilikifuta upesi: Forodhani unakaa ukutani jioni, unaitazama bahari bure. Kazi ilikuwa kwenye treni. TAZARA, tuliyokuwa tuipandie Makambako, ilikuwa na vyumba vya vitanda vinne daraja la kwanza, sita daraja la pili, na viti tu daraja la tatu. Wote mnafika Dar es Salaam saa ile ile. Tena kuna jambo ambalo wakala hakulitaja: wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja cha kulala, labda mlipie vitanda vyote. Yaani tuongeze fedha ili tutenganishwe!

Lakini tusidanganyane. Mgongo wa Mama umebeba magunia miaka mingi. Kwake kitanda si anasa. Nikamwambia achukue kitanda, mimi nitakaa kwenye kiti.

"Mwanangu," akasema, "kulala nitalala Njombe."

Tukakaa daraja la tatu, bega kwa bega. Kati ya Makambako na Mlimba reli inashuka milimani, handaki baada ya handaki. Katika giza la mojawapo Mama akasema taratibu, "Babu yako alivunja mawe huku." Reli hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975, yeye akiwa mtoto mdogo. Sikuwahi kulisikia hilo nyumbani. Aliongea mpaka alfajiri, nami niliandika mpaka wino ukaisha. Riwaya ninayohangaika nayo sasa imeanzia kwenye kiti kile.

Kwa hiyo, ukiambiwa uongeze fedha upandishwe daraja, usiulize kwanza utapewa nini. Uliza unasafiri na nani.

Dar es Salaam mgongo ulimuuma sana Mama, silifichi hilo. Zile fedha tulizogoma kuongeza, tulikodi teksi mpaka bandarini.